Nilimpiga Mtani Wangu kwa Maji Niliyoyamwaga Mwenyewe

Nimekosa mimi. Naanza hivyo ili usije ukasoma mpaka chini ukitafuta mwingine wa kumlaumu. Si shetani, na si pombe, maana situmii. Ni mimi na hizi hasira zangu ambazo tangu ujana watu walikuwa wakizisifu, eti yule bwana ni mkali, hachezewi, na mimi mjinga nikazibeba kama cheo.

Jina langu naomba niliache. Naishi Mabwerebwere, hapa Kilosa mjini, nimeshafika umri wa kuitwa babu, na shamba langu la mpunga liko Mvumi. Kabila langu ni Msagara. La kabila nalitaja kwa sababu ndilo lenye kesi, utaona mwenyewe.

Mbele ya nyumba yangu, kati ya ukuta wangu na barabara, palikuwa na kibanda cha fundi baiskeli. Nitamwita Maganga, ingawa silo jina lake. Ni Mnyamwezi. Babu yake aliletwa huku kukata mkonge, mkonge ukaisha, ukoo ukabaki. Sasa Msagara na Mnyamwezi ni watani, watu wa huku wanalijua hilo tangu wakiwa wadogo. Kwa wewe usiyejua, mtani anakutukana mbele za watu na wewe huruhusiwi kukasirika. Anaweza kukuvua kofia akaondoka nayo. Anaweza kusema baba yako alikuwa mtumwa wa baba yake, nawe unamrudishia kubwa zaidi, mnacheka, kila mtu anaendelea na kazi yake. Anayekasirika ndiye mwenye makosa.

Mimi na Maganga tulitukanana miaka kumi na minane! Asubuhi nikifungua geti tu, namsikia.

"Wewe mtumwa wangu, umeamka? Nani kakuruhusu?"

"Nyamaza wewe! Babu yako alikuja kukata mkonge akasahau njia ya kurudi Tabora."

"Hakusahau. Alibaki kuwalinda ninyi, maana mnaogopa hata ngedere wa mashambani kwenu."

Nimemzidi miaka saba au minane, lakini hakuwahi kuniamkia hata siku moja. Mtani haamkii. Na nikwambie ukweli, ile ilikuwa raha yangu kubwa. Watu wengi mtaani walikuwa wakiniogopa, yeye peke yake hakuniogopa. Nilikuwa natoka nyumbani nimenuna, nafika getini nacheka.

Basi, mwaka juzi wakati wa kiangazi, natoka msikitini adhuhuri, simu ikalia. Ujumbe wa bili ya maji. Nikausoma mara ya kwanza, nikadhani nimekosea kusoma. Nikausoma tena. Jamani! Bili ilikuwa ya nyumba ya wageni, si ya nyumba ya watu wanne! Ilikuwa imepanda mara sita.

Nilifika nyumbani mbio mbio. Mke wangu alikuwa uani anafua. Sikumsalimia. Niliipiga ndoo teke, ikapasuka ubavuni, maji na povu vikamrukia mpaka usoni.

"Mnaoga mara ngapi humu ndani? Mnafulia mtaa mzima?"

"Baba Asha, maji ni yale yale tunayotumia siku zote," akasema. "Labda wamekosea kusoma mita."

Kwani alisema nini kibaya? Alisema neno la mtu mzima mwenye akili. Lakini mimi nilisikia ananijibu. Nikamsukuma. Akaenda kugonga mdomo kwenye fremu ya mlango wa jikoni, mdomo ukachanika, damu ikamchuruzika kwenye kanga. Mwanangu wa mwisho alikuwa mlangoni, akapiga kelele.

Sikusema samahani. Ninyi mnaosoma, mnaona aibu? Mimi siku ile sikuona. Nilikwenda dukani nikanunua mnyororo na kufuli, nikaifunga koki ya uani. Ufunguo nikautia mfukoni. Nikatangaza kwamba maji yatachotwa saa moja asubuhi, ndoo tatu, basi. Mke wangu akasimama pale ameziba mdomo kwa upande wa kanga.

Mwezi ulivyoisha, akaja binti wa kusoma mita. Binti mwenye adabu zake, ameshika simu yake ya kazi. Akanifunulia boksi la mita pale karibu na geti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, mita yako inakimbia sana. Hebu fanya hivi, funga koki zote za ndani na nje, halafu njoo uiangalie. Ikiendelea kuzunguka, ujue bomba linavuja chini ya ardhi."

Maneno hayo hayo! Dakika tano zingetosha. Koki yenyewe ilikuwa tayari imefungwa kwa kufuli, nilichotakiwa ni kuinama tu nitazame. Lakini mimi nilisikia mtoto wa juzi ananifundisha kazi.

"Bomba hili nimelilaza kwa mikono yangu mwenyewe! Linavuja vipi? Ninyi ndio mnaandika namba mnazotaka!"

Nikaupiga teke mfuniko wa boksi, ukavunjika vipande viwili. Binti akarudi nyuma hatua tatu nne, akaandika alichoandika, akaondoka. Alipofika kwa jirani wa tatu aligeuka kuangalia kama namfuata.

Siku mbili baadaye bili mpya ikaingia. Ilikuwa imezidi ile ya kwanza!

Hapo ndipo nilipotengeneza akili yangu mbovu. Nikajiambia, koki imefungwa kwa mnyororo, ufunguo ninao mimi, ndoo ni tatu kwa siku, na bili inapanda. Basi yuko mtu amejiunganishia bomba langu. Bomba linatoka barabarani, linapita chini ya ukuta, linaingia uani. Na pale ukutani amekaa nani?

Ukiwahi kupeleka baiskeli kwa fundi, unalijua lile beseni la maji. Anatoa mpira, anaujaza upepo, anauzamisha kwenye maji, anatafuta povu linatokea wapi, hapo ndipo penye pancha. Maganga zamani maji ya beseni alikuwa akichukua kwangu. Tangu nifunge mnyororo hakuwahi kuniomba hata kikombe, na beseni lake kila nikipita limejaa. Nikaanza kulitazama lile beseni. Nikikaa kula, nalifikiria. Nikisimama kuswali, nalifikiria. Ningemwuliza tu kwa upole, "Maganga, maji unatoa wapi siku hizi?" angeniambia mkewe anambebea ndoo kichwani kutoka kwao kila asubuhi, kwa sababu hakutaka kunisumbua nikiwa na shida zangu za bili. Hilo nimekuja kulijua baadaye sana.

Siku ya tukio ilikuwa Jumamosi, kama saa tisa alasiri. Nilikuwa na spana kubwa ya bomba mkononi, nimetoka kuikazakaza ile koki bila sababu. Nikatoka getini. Maganga alikuwa ameinama anazungusha gurudumu, ananyoosha spoku. Kulikuwa na wateja watatu kwenye benchi na mama mmoja anasubiri baiskeli ya mwanawe.

Nikauliza kwa sauti, "Nani anachukua maji yangu?"

Hakuinua uso. Laiti angeinua, angeona! Macho yake yalikuwa kwenye gurudumu. Akanijibu kama alivyonijibu miaka kumi na minane.

"Mimi! Nani mwingine? Nimeoga, nimefua, nimenywesha na ng'ombe wangu wote walioko Tabora kwa bomba lako. Yaliyobaki nimeipa migomba yako ya uani, maana imenawiri kiangazi chote hiki na wewe mwenyewe huoni, mchoyo wewe. Kanishtaki basi!"

Wale wa kwenye benchi wakaangua kicheko. Yule mama naye akacheka mpaka akafunika uso.

Mimi nilisikia mwizi anakiri. Anakiri mbele za watu na watu wananicheka! Macho yakaingia giza. Nililipiga beseni teke, maji yakamwagika miguuni mwa wateja. Nikainua spana nikampiga nayo begani.

Unajua alifanya nini? Alicheka! Wallahi alicheka. Aliinuka ameshika bega, anacheka kwa maumivu, akidhani ni mchezo umezidi kidogo.

"Msagara, leo umekula nini? Unapiga kweli!"

Nikainua tena. Safari hii alinyanyua mkono wa kulia kukinga kichwa. Spana ikatua kwenye kifundo cha mkono na vidole. Nilisikia mfupa unavunjika. Watu wote pale waliusikia, maana kicheko kilikatika palepale.

Akapiga magoti. Ningeishia hapo, labda leo nisingekuwa naandika haya. Sikuishia hapo. Nilimpiga mgongoni. Nilimpiga tena mgongoni. Nikaikanyaga baiskeli ya mteja aliyokuwa anatengeneza, nikaisukumia juu yake. Naye amekumbatia ule mkono kifuani anasema kwa sauti ndogo, "Ni utani, ndugu yangu. Ni utani. Ni utani."

Wale wateja wakanivamia kunishika. Hapo ndipo nilipofanya kubwa kuliko zote. Nilipoona nimeshikwa mikono, nikafungua mdomo nikapiga yowe.

"Mwizi! Mwizi huyo! Mwizi!"

Wewe na mimi tunajua neno hilo likipigwa barabarani linaleta nini. Haulizi mtu kaiba nini. Vijana wa bodaboda walikuwa pale njia panda, wengi wageni mtaani, hawamjui yeye wala mimi vizuri. Walifika kabla sijamaliza pumzi. Wa kwanza akamtia teke la mbavu. Wa pili akaokota kipande cha tofali akakipiga kichwani kwake, ngozi ikafunguka juu ya sikio, damu ikaanza kumwagika mpaka kwenye kola. Mwingine nikamsikia kwa masikio yangu anaulizia petroli. Petroli, jamani! Mchana kweupe! Kwa ajili ya maji!

Na mimi? Nilikuwa nimesimama na spana yangu. Hasira zilianza kushuka, nikaona kinachotendeka, na mdomo wangu ukagoma. Neno la kusema nilikuwa nalo, "Mwacheni, si mwizi." Maneno matatu tu. Sikuyasema, kwa sababu kuyasema ni kukubali mbele za watu kwamba nimekosea.

Aliyemwokoa ni mkewe. Alikuwa anakuja na ndoo ya maji kichwani. Aliitupa ndoo, akapasua katikati ya wale vijana, akajilaza juu ya mumewe kifudifudi, kamfunika kichwa kwa mikono yake. "Niueni mimi kwanza! Niueni mimi!" Walimpiga mateke mawili naye. Ndipo mwenyekiti wa mtaa akatokea, na wateja, na mke wangu ambaye alitoka ndani bila viatu, wakasimama kuwazunguka. Mke wangu alinitazama mara moja tu. Kile kidonda cha mdomo kilikuwa kimemwachia kovu.

Maganga akapelekwa hospitali, mimi nikapelekwa polisi.

Polisi niliongea kwa kiburi! Nikawaambia njooni kesho mfukue, mtaona bomba lake limeungwa kwenye langu. Kesho yake asubuhi tukaenda kweli, askari mmoja, mwenyekiti, na yule binti wa mita ameitwa. Mtaa mzima ulikuja kuangalia. Nikapewa jembe, nikaambiwa chimba.

Nilichimba kuanzia kwenye mita mpaka ukutani, nikachimba chini ya kibanda chote. Udongo mkavu, mgumu, vumbi linanipaa usoni. Bomba langu lilipita pale limenyooka, hakuna kiungo, hakuna tundu. Jasho lilikuwa linanitoka.

Yule binti akainama kwenye mita. "Koki zimefungwa zote?"

Mke wangu akajibu, "Zimefungwa. Tangu siku ile zimefungwa."

"Mita inazunguka," akasema. Akaingia uani, sisi nyuma yake. Akatembea taratibu kufuata njia ya bomba. Akafika kwenye migomba nyuma ya banda la kuku, kiatu chake kikazama. Migomba ilikuwa imenona, majani mapana ya kijani, na kila ua wa mtaa ule ulikuwa umekauka. Maganga alikuwa ameiona kutoka ng'ambo ya ukuta. Mimi niliyekuwa nikipita pale kila siku sikuiona.

"Mzee, hili banda ulijenga lini?"

Banda nilijenga miezi michache kabla ya bili ya kwanza. Nilipigilia vyuma vinne vya pembeni kwa nyundo kubwa. Vitatu viliingia bila shida. Cha nne kiligoma, nikahisi kimegonga kitu, na badala ya kukiangalia nikakasirika, nikakipiga huku nakitukana mpaka kikazama.

Nikachimba pale. Tope. Nikachimba zaidi, maji yakaanza kububujika, na chuma changu kikaonekana kimesimama katikati ya bomba langu. Nilikuwa nimelitoboa mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hasira zile zile.

Askari akaangalia pembeni. Kati ya wale watu kuna mtu mmoja alisema, "Loo!" Basi. Heri wangenizomea.

Nilichukua panga nikaanza kufyeka migomba. Nilikata mgomba wa kwanza, wa pili, wa tatu, nalia kama mtoto, maji ya migomba yananirukia kwenye kanzu. Mke wangu akaja akasimama mbele yangu.

"Na migomba nayo imekosa nini?" akaniuliza.

Nikaliacha panga likaanguka.

Nilijua nakwenda jela, na nilikuwa tayari. Lakini askari walipokwenda hospitali kuandika maelezo ya Maganga, aliwakatalia. Mkono uko kwenye plasta, kichwa kimeshonwa, anaongea kwa shida, akawaambia, "Huyo ni mtani wangu. Mtani hashtakiwi." Wakambembeleza, akakataa. Walimletea karatasi, akaisukuma kwa mkono wa kushoto. Nikaachiwa kwa sababu ya utani ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeuvunja kwa spana.

Matibabu nililipa. Hilo si la kusifiwa. Mkono haukurudi kuwa mkono. Vidole viwili havikunjiki, na fundi baiskeli asiyeweza kushika spoku atafanya nini? Kibanda kikakaa kimefungwa, baadaye mkewe akaja na ndugu zake wakakibomoa, wakabeba mabati. Wakahamia Mikumi kwa binti yao, anauza chakula pembeni ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika.

Nilikaa nusu mwaka nikijipa moyo wa kwenda. Siku nilipokwenda nilipita njia ya kijiji chetu kiitwacho Ulaya na gunia la mchele wangu wa Mvumi, na njia nzima natunga matusi. Nilijiambia nikianza kwa pole atalia na mimi nitalia. Nikianza kwa utani, mambo yatarudi.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anamenya viazi. Kisu kiko mkono wa kushoto, ule wa kulia unakandamiza kiazi pajani ili kisiteleze. Nikasimama mbele yake, nikapaza sauti.

"Wewe mtumwa wangu! Nani kakuruhusu kuhamia Mikumi? Umekuja kugombania mahindi na nyani?"

Aliinua uso. Akaweka kisu chini. Akasimama, akajifuta mkono kwenye suruali, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, kaka."

Miaka kumi na minane! Nikasema, "Marahaba," maana nisingeweza kuiacha salamu hewani.

Akaniletea kiti. Akaniuliza habari za nyumbani, za mpunga, za Mama Asha. Mkewe akaniandalia wali na maharage, akaninawisha mikono. Mkewe yule yule! Kila kitu kilikuwa cha heshima. Nikawa nageuzageuza wali kwa kijiko.

Nikashindwa kuvumilia. "Maganga, nisamehe."

"Nilishakusamehe, kaka. Tangu siku ile hospitali. Sina kinyongo, Mungu ni shahidi."

"Basi nitukane! Nitukane hata neno moja, ndugu yangu. Unisamehe kwa kunitukana."

Akasema taratibu, bila hasira yoyote, "Nimejaribu hapa ulipofika. Siwezi. Nikitaka kusema neno, naangalia kwanza mikono yako imeshika nini."

Nikaitazama mikono yangu. Ilikuwa imeshika kijiko.

Wakati huo lori likapaki. Dereva akateremka, bwana mnene, kumbe ni Msagara wa Kisanga, hata mimi sikumjua. Akapiga kelele kutoka barabarani, "Maganga! Hujafa tu?"

Na Maganga akageuka mtu mwingine. Uso ukafunguka, akainuka na sauti yake ile ya zamani. "Nife niwaachie nani watumwa wangu? Njoo hapa, Msagara mchoyo wewe, leo utaninunulia soda! Unaogopa kutia mkono mfukoni utadhani umefuga nyoka humo!" Wakacheka wote wawili mpaka yule dereva akashika ubao wa meza. Wakapigana makofi ya mgongo. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka pale.

Kisha akarudi kwangu, na kicheko kikaishia njiani.

"Samahani, kaka, nimekukatisha. Ulikuwa unasema?"

Niliaga. Akanisindikiza mpaka kwenye gari, akanifungia mlango, akaniombea safari njema.

Ndugu yangu unayesoma, ukiletewa bili ya maji iliyopanda, usianze na mke wako, usianze na jirani, na usimjibu mtu wa mita kwa kiburi. Funga koki, inama, angalia mita. Ikizunguka, chimba. Tafuta kwako kwanza kabla hujatafuta kwa mwingine. Na lile neno "mwizi," ulimeze! Ukishalitoa mdomoni, wa kulirudisha si wewe tena. Na kama una hasira kama zangu na watu wanakuita mkali, usifurahi. Ujue wanakutazama mikono.

Siku hizi hapa Mabwerebwere nimepata heshima nyingi. Wanyamwezi wote wa mtaani, wakubwa kwa wadogo, hata wale tuliokuwa tukivuana kofia, wakiniona natoka getini wanasimama kando ya njia na kuniamkia, shikamoo mzee. Naitikia marahaba, narudi ndani.